Jua Likae Mgongoni

Ukitaka kumpiga mtu picha, wengi watakwambia umsimamishe alitazame jua. Ndivyo tulivyozoea sote. Macho yanakuwa membamba kama tundu la sindano, paji linajikunja, na picha ikitoka kila mtu anaonekana kama ana kesi mahakamani. Bwana Picha alifanya kinyume. Jua alilikalisha mgongoni kwa mteja, yeye mwenyewe akalitazama, akakunja uso wake badala ya uso wa mteja.

"Mmoja wetu lazima akunje uso," alikuwa akisema, "na mimi siingii kwenye picha."

Nitalieleza jambo hili taratibu, kwa sababu bila kulielewa huwezi kumwelewa mtu huyu. Mwanga ukitoka nyuma ya mtu, ukingo wa nywele na mabega unawaka, kana kwamba amezungushiwa mstari wa chaki. Lakini uso wenyewe unabaki kivulini. Kamera ikiachiwa iamue, itauona mwanga ule mkali wa nyuma, itafunga jicho lake, na uso utazama uwe doa jeusi tu. Kwa hiyo mpiga picha hufanya mambo mawili. Kwanza anapima mwanga wa uso, wala hajali wa anga. Anasogea karibu kabisa na shavu la mteja, anapima pale, kisha anarudi nyuma. Pili, anamweka mtu mbele ya mteja, pembeni kidogo, ashike kitu cheupe. Kile cheupe kinalipokea jua na kulirudisha usoni likiwa limepoa, kama mama anavyoupuliza uji kabla ya kumpa mtoto. Hapo uso unafunguka. Weusi unabaki weusi, lakini ndani yake unaona kila kitu: kishimo cha shavu, kovu la utotoni, jicho linalotaka kucheka. Jaribu asubuhi moja, hata kwa simu yako. Ukikosea mara ya kwanza usikate tamaa. Yeye mwenyewe alikosea kwa miaka kabla ya kupatia.

Kitu chake cheupe kilikuwa shuka la kitanda. Aliyelishika alikuwa mkewe.

Mimi nilikuwa jirani. Cherehani yangu ilikaa kwenye baraza moja na studio yake, nyuma ya soko la Morogoro, na kati yetu kulikuwa na ukuta mwembamba kiasi kwamba alipopiga chafya nilimwombea heri bila kuacha kushona. Mteja wake akija na kanzu iliyofumuka alimsukuma kwangu. Mteja wangu akitoka na gauni jipya, nilimwonyesha mlango wa pili. Tuliishi hivyo miaka mingi, na watu wa mtaa walimwita Bwana Picha, nami nikamwita hivyo hivyo. Alikuwa mtu wa kuja, kama nusu ya mji wetu. Alikuja kufuata kazi ya kiwanda.

Kiwandani ndiko alikojifunza kuchukia ukuta. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za vitambulisho vya wafanyakazi. Walikuja kwa foleni, wanasimama ukutani, flashi inawaka usoni, anayefuata. "Nimepiga watu kama magunia yanayosubiri kupigwa mhuri," aliniambia. Kiwanda kilipoanza kuyumba na wafanyakazi kupunguzwa, yeye alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuondoka, na nadhani ndiye peke yake aliyeondoka akipiga mluzi. Wakati ule kila mtu aliambiwa ajitafutie. Ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa kufungua chochote. Yeye akafungua studio isiyo na ukuta.

Kwa kweli ukuta ulikuwepo, ila hakuutumia. Aliwapitisha wateja mlango wa nyuma hadi uwanjani, mahali ambapo Uluguru wote unaonekana. Asubuhi jua linapochomoza kwenye bega la mlima, upande wa Bigwa, aliwasimamisha mlima ukiwa nyuma yao na ukungu ukiwa bado haujaondoka mabondeni. Baada ya saa nne alifunga. Aliyekuja saa sita aliambiwa arudi kesho.

"Lakini nimetoka Mlali, Bwana Picha!"

"Jua nalo limetoka mbali, na bado limewahi."

Majina hayakukaa kichwani mwake hata kidogo. Aliwakumbuka watu kwa sura: yule wa nyusi zilizokutana, yule wa sikio la kukunjika. Angeweza kukaa nusu saa na bibi aliyeteremka kutoka milimani kuuza ndizi, akimuuliza habari za mvua na wajukuu, kamera iko magotini, mpaka bibi asahau kwamba amekuja kupigwa picha. Hapo ndipo alipobonyeza. Sijaona mtu mvumilivu kwa wageni namna ile.

Kwa mkewe uvumilivu huo haukufika. Mama Saida alikuwa Mluguru wa upande wa Mkuyuni, mrefu, mweusi sana, mwenye shingo ndefu na sauti ya kushuka na kupanda kama njia za kwao. Asubuhi alishika shuka, kisha alikwenda sokoni kuuza mboga, karoti na koliflawa zinazoletwa kutoka Mgeta. Nikiwa kwenye cherehani niliwasikia.

"Mama Saida, kushoto! Kushoto, nimesema!"

"Kushoto kwangu ndiko huku tangu nizaliwe."

"Siyo kwako, kwangu!"

"Basi hamia huku upande wangu, tuwe na kushoto kumoja."

Mteja alicheka, na mara nyingi ndiyo picha iliyotoka vizuri kuliko zote. Baadaye nilikuja kufikiri kwamba Mama Saida alijua hivyo. Alijifanya hajui kushoto.

Si wote waliopenda picha zile. Msimamizi mmoja wa ghala, mtu wa tumbo na kalamu tatu mfukoni, alirudi na picha yake ameishika kwa ncha za vidole.

"Wewe bwana, umenifanya mkaa."

"Tazama vizuri, mzee. Huo ndio uso wako ukiwa umepumzika."

"Sikuja hapa kupumzika! Nataka picha ya kumpelekea mchumba Gairo. Akiiona hii atasema nimemtumia kivuli changu, mwenyewe nitafuata."

Bwana Picha akamweleza. Akamweleza juu ya mwanga wa nyuma na wa mbele, juu ya karatasi ya kuchapia, juu ya jicho la binadamu na jicho la kamera. Msimamizi alisimama juu ya mguu wa kulia, akahamia wa kushoto, akarudi wa kulia. Mwishowe Mama Saida akatoka ndani, akasema, "Baba, tumekosa, utusamehe. Njoo kesho tukupige unavyotaka." Mzee akatabasamu, na kesho yake akaja, na alipoona Mama Saida ameshika shuka akasema, "Aa, piga tu kama ile ya kwanza."

Naomba uishike habari hii, maana ilijirudia mara nyingi. Safari moja filamu ya harusi nzima iliingia mwanga kabla ya kusafishwa. Hakuna picha hata moja iliyopona. Baba wa bibi harusi alikuja baada ya sala ya alasiri, na Bwana Picha akaanza kumfafanulia jinsi mwanga unavyopenya kwenye mkebe wa filamu usiofungwa vizuri. Alichora hata mchoro kwa kijiti mavumbini. Mzee wa watu alisikiliza mpaka adhana ya magharibi ikaanza, ndipo akasema, "Mwanangu, mimi nilikuja kusikia pole."

Bwana Picha alimtazama kama mtu aliyeambiwa neno la lugha nyingine. Mama Saida ndiye aliyesema pole. Akasema pia nimekosa, akasema nisamehe, akapiga magoti mbele ya mzee yule kana kwamba mkebe ulikuwa mkononi mwake yeye.

Niliwahi kumuuliza, "Kwa nini unamsemea kila mara?"

Akajibu huku akikunja shuka. "Dada, yeye anadhani mtu akielewa, maumivu yanakwisha. Ni mtoto kwa hilo. Sasa mtoto akimwaga maji, nani anapangusa?"

Kwa hiyo alikuwa na mtu wa kumshikia mwanga na mtu wa kumwombea radhi, na alikuwa mtu mmoja.

Katika dirisha la studio alitundika picha za mfano, na kubwa kuliko zote ilikuwa ya Mama Saida. Siku ile ya kumpiga, shuka nililishika mimi, kwa sababu mtu hawezi kujishikia mwenyewe. Nakumbuka alivaa kitenge nilichomshonea, na kwamba mkono uliniuma, na kwamba Bwana Picha kwa mara ya kwanza hakupiga kelele. Alimtazama mkewe kwa muda mrefu kupitia kamera. Kisha akasema polepole, "Basi. Kaa hivyo hivyo." Picha ilipokauka tulikusanyika watu wa baraza zima. Nywele zake zilikuwa na mstari wa moto, mlima uko nyuma umefifia, na uso wake mweusi umetulia, unaona mpaka vinyweleo vya shavuni. Mama Saida aliitazama akacheka, akajifunika mdomo kwa khanga. "Huyu ni bibi yangu," alisema. "Huyu ni bibi mtupu!" Tangu hapo, akienda sokoni, alipita upande wa dirishani hata kama njia fupi ilikuwa nyingine.

Miaka ile bidhaa zilianza kumiminika. Mitumba, redio, sabuni za kila rangi. Upande wa pili wa barabara ikafunguliwa studio ya picha za rangi, yenye ukuta uliochorwa maporomoko ya maji na flashi mbili kwenye miavuli. Vijana wakahamia huko. Na siku moja akaja mfanyabiashara kutoka Dar es Salaam, shati limenyooka, akasimama mbele ya dirisha letu kwa muda mrefu.

Nilisikia mazungumzo yao kupitia ukuta. Mgeni alisema anatafuta sura halisi ya mwanamke wa Kitanzania kwa ajili ya mabango ya krimu ya uso. Yatabandikwa nchi nzima. Aliisifu picha. Alisema hajaona mtu anayepiga dhidi ya jua namna hii. Bwana Picha, aliyekuwa ameshaanza kukaa siku nzima bila mteja, alisikia maneno mawili tu: nchi nzima. Hakutaka malipo. Aliomba jambo moja, kwamba picha isikatwe mlima.

Mama Saida alikuwa sokoni. Hakuulizwa. Jioni alipopita akakuta dirisha lina pengo, mumewe akamwambia, "Utaona. Subiri utaona."

Tuliona. Mabango yalikuja baada ya mvua za masika, yakabandikwa usiku mmoja mji mzima: Msamvu, stendi, ukutani kwa zahanati, kwenye nguzo za soko. Kila bango lilikuwa na nyuso mbili. Kulia kulikuwa na msichana mweupe, kapigwa flashi mpaka pua imepotea, na juu yake pameandikwa BAADA. Kushoto alikuwa Mama Saida. Mlima ulikuwa umekatwa. Wachapaji walitumia wino mzito na karatasi ya bei rahisi, na vile vyote vilivyokuwa ndani ya kivuli, kishimo cha shavu, vinyweleo, jicho, vilikuwa vimezama. Lilibaki doa jeusi lenye shingo. Na juu yake: KABLA.

Mimi nilifika sokoni mchana. Nilimkuta ameketi nyuma ya karoti zake, kitambaa kimeshuka mpaka machoni. Vijana wa kubeba mizigo walikuwa wamekwisha kumpa jina.

"Kabla! We Kabla, karoti fungu bei gani?"

"Mnunulie na krimu, kaka, tumwone Baada yake!"

Aliwafungia karoti. Watu wa Dumila waliokuja kuchukua mzigo walisema bango liko na kwao. Wa Gairo wakasema hivyo hivyo.

Siku chache baadaye alikuja kwangu na tyubu ya ile krimu, akaniomba nimsomee maandishi. Nikamsomea, nikamwambia na yale ambayo hayakuandikwa, maana nilikuwa nimeshaona nyuso za wateja wangu waliojichubua. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda chooni akaitupa.

"Sikununua nipake," alisema. "Nilitaka kujua ni kitu gani kinachouzwa kwa sura yangu."

Na Bwana Picha? Hapa ndipo moyo wangu unapokuwa mzito. Alikasirika, tena sana. Alitembea mji mzima akikwangua mabango kwa kisu cha jikoni. Lakini kila aliyemkuta njiani alimwambia habari ya wino. Wamezamisha vivuli, alisema. Picha yangu haiko hivi. Wangenishirikisha kwenye uchapaji. Nilimsikia kupitia ukuta akimweleza mkewe: wino, karatasi, wino. Mama Saida alimuuliza jambo moja tu, na aliliuliza kwa sauti ya chini kabisa.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuuliza nini? Picha nimepiga mimi. Kama wangechapa vizuri, leo ungekuwa unajivunia."

Mwezi ule ule wajomba wa Mama Saida wakamwita Bwana Picha. Lazima nieleze tena, kwa msomaji asiyetoka kwetu. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na ukoo huo wanauita lukolo. Ardhi inapita kwa mama, jina linapita kwa mama, na mwenye kauli juu ya mwanamke na wanawe ni kaka wa mama yake. Mume anakaribishwa, anaheshimiwa, analishwa kuku. Lakini akiitwa na mjomba, anakwenda.

Mama Saida aliniomba niende naye. Huko Mkuyuni sisi watatu tulikuta wazee wameketi barazani, chini yetu migomba inateremka mpaka mtoni, na jikoni chakula kilikuwa kimeshaiva. Harufu ya kuku wa nazi ilitufikia. Mjomba mkubwa alikuwa mtu mdogo wa umbo, anayesema polepole.

"Mkwe, karibu. Hatukukuita tukuhukumu. Nataka unijulishe. Ile sura iliyobandikwa Msamvu ni ya nani?"

"Ya mke wangu, mjomba."

"Ni ya mama yangu. Huyu binti alimrithi bibi yake uso mzima, hakubakiza kitu. Kila mtu wa huku akishuka mjini anasimama pale anamwona mama yangu, na juu ya kichwa chake wamemwandika kwamba anangoja kutengenezwa. Wewe tulikuoza binti. Sura hatukukuoza."

"Nimekuelewa, mjomba."

"Vizuri. Basi sema maneno mawili, nimekosa, nisameheni, tule. Kuku anapoa."

Mama Saida alikuwa ameketi na wanawake wenzake, ametazama mkeka. Niliona midomo yake imeanza kujikusanya, ile namna yake ya siku zote, na nikaelewa kwamba mwili wake ulitaka kumsemea hata hapo. Aliuma mdomo.

Bwana Picha akatia mkono mfukoni, akatoa bahasha, na ndani ya bahasha akatoa negativu.

"Mjomba, ushahidi ni huu. Kila kitu kimo humu. Kosa ni la wachapaji. Tazama usoni, utaona hakuna kilichozama."

Unajua negativu ilivyo. Ni filamu yenyewe kabla ya kuchapwa, na ndani yake mambo yote yamepinduliwa: cheusi kimekuwa cheupe na cheupe kimekuwa cheusi. Mzoefu anaisoma bila shida. Mjomba hakuwahi kuishika. Aliinua kipande kile akakielekeza mbinguni, akafumba jicho moja. Mimi nilikuwa nyuma ya bega lake nikaona alichokiona. Anga lilikuwa jeusi kama chungu. Na mbele ya anga lile alisimama Mama Saida, uso mweupe kama karatasi.

Mjomba alitazama muda mrefu. Kisha akampa mdogo wake, naye akatazama, akampa mwingine. Kikazunguka baraza lote.

"Kumbe," mjomba akasema. "Kumbe walianzia kwako."

"Hapana, mjomba! Hiyo ni negativu, kila kitu humo kimegeuka..."

"Naona kimegeuka."

Akaanza kueleza. Alieleza dawa za kusafishia, chumba cha giza, karatasi. Alisimama kabisa, akatumia mikono. Alikuwa anasema kweli tupu, kila neno. Nilitamani ardhi immeze, nami inimeze pamoja naye. Ndipo Mama Saida akainuka kutoka kwenye mkeka.

"Baba Saida," alisema, "mimi nimeelewa zamani. Sitaki kueleweshwa."

Tulikula kuku amepoa. Jioni pikapu ilipopita kwenda mjini, Bwana Picha alipanda na mimi nikapanda. Mama Saida hakupanda. Njia nzima, kwenye mashimo ya barabara ile, mumewe aliendelea kunieleza mimi. Siku mbili baadaye mdogo wa Mama Saida aliteremka mjini kumchukua binti yao Saida, ambaye alikuwa ameanza shule karibuni.

Baada ya hapo alijaribu kufanya kazi peke yake. Alilifunga shuka kwenye mti wa kuanikia nguo, upepo ukalipindua. Nilimshikia asubuhi kadhaa, lakini nilikuwa na kazi zangu, na tena nilijua kushoto kwake ni wapi, kwa hiyo hakuna mteja aliyecheka. Nyuso zikaanza kuzama. Wateja wachache waliobaki wakavuka barabara. Mabango yalichanwa na mvua. Jina la Kabla halikuchanwa, na kwa hiyo Mama Saida hakurudi tena kwenye soko la mjini, aliuza ndizi na viungo Mkuyuni kwao. Siku moja niliamka nikakuta mlango wa pili una kufuli, na baadaye ukawa duka la vipuri vya baiskeli.

Bwana Picha nilimwona tena baada ya miaka mingi, Saida akiwa ameshakuwa mchumba wa mtu. Nilikuwa nimepeleka sare za shule Gairo, siku ya gulio, na nikapita kati ya magunia ya mahindi na karanga, nikasikia sauti ikisema, "Tazama mbele, usicheke, kidevu juu." Alikuwa amesimama mbele ya ukuta. Kitambaa cha buluu kimepigiliwa misumari, stuli moja, flashi mkononi. Picha za pasi, nyuso zinapita moja baada ya nyingine.

"Shikamoo, Bwana Picha."

"Marahaba." Akanitazama sikio, pua, paji, akanisoma. "Mama Zena! Umenenepa mashavu. Yanakupendeza."

Tulizungumza tukiwa tumeketi juu ya gunia. Familia ya Saida walikuwa wamenipa salamu nimfikishie popote nitakapomkuta, nami nikamwambia yote kwa mpangilio. Saida anaolewa Ijumaa ijayo. Baba ndiye walii wa kumwozesha binti, na familia wanataka akae mahali pake, mbele, karibu na shehe. Mjomba mkubwa mwenyewe amekubali. Kinachotakiwa ni kile kile cha siku ile, maneno mawili, barazani, kisha watu wale.

Alisikiliza akichezea kifuniko cha lenzi. Aliponiuliza Saida amefanana na nani, nikamwambia amechukua uso ule ule. Akatikisa kichwa taratibu. Kisha akavuta sanduku lake la vifaa, akatafuta chini kabisa, akatoa bahasha. Nilifahamu kabla hajaifungua.

"Mpelekee mjomba," alisema. "Siku ile aliielekeza mbinguni, ndiyo maana haikueleweka. Mwambie aweke karatasi nyeupe nyuma yake, aitazame polepole."

"Mjomba haoni tena, Bwana Picha. Macho yamekwisha."

Mkono wenye bahasha ulibaki hewani.

"Basi mweleze wewe," alisema. "Wewe ni hodari wa kueleza."

"Niambie mimi yale maneno. Hapa hapa, juu ya gunia. Nitayabeba mpaka Mkuyuni, sitadondosha hata moja."

Alifungua mdomo. Naapa alikuwa karibu. "Unajua, Mama Zena," akaanza, "ule wino waliotumia..."

Nikasimama. Basi la Morogoro lilikuwa linapiga honi. Akanifuata hatua chache, akaniambia harusi isisimame kwa ajili yake, atampigia shehe simu, atamkabidhi aozeshe kwa niaba yake, hana kinyongo. Niligeuka kumuaga. Jua la jioni lilikuwa nyuma yake, masikio yake na nywele zake za mvi zinawaka ukingoni, na nilimtafuta uso nijue kama analia au amekasirika, nisiuone. Bahasha ilikuwa bado mkononi.

Alipiga simu kweli. Ijumaa asubuhi shehe alitutangazia kwamba amepata ruhusa ya baba. Mimi na Mama Saida tulikuwa chumbani tunatandika kitanda cha bibi harusi, kwa shuka jipya, jeupe.

"Amesema?" aliniuliza.

"Amepiga simu. Ametoa ruhusa, tena kwa moyo mweupe."

"Hilo nimesikia, dada. Nimekuuliza, amesema?"

"Hajasema."

Alilikung'uta shuka mara moja, likajaa upepo kati yetu, na kwa kitambo kidogo uso wake wote ukapata mwanga. Kisha akanirushia ncha ya pili.

"Vuta upande wako," alisema. "Watu wanasubiri."